Mafundi AC, acheni kutuambia "gesi imeisha" bila kupima!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ndani ya wiki mbili nimetoa 130,000 kwa gesi ambayo AC yangu haikuihitaji, na nusura nitoe 450,000 nyingine kwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye mashine ya nje, ambayo haijafa.

Nipo Tabata. AC ni ya ukutani, BTU 12,000, ipo chumbani kwa mama. Mama ana miaka 71, katoka kufanyiwa operesheni ya nyonga, na joto la Februari hapa Dar mnalijua: saa nane usiku shuka limelowa, pangaboi linazungusha hewa ya moto tu.

Ikaacha kupooza. Ndani inapuliza, rimoti inaitikia, lakini upepo ni ule ule wa chumbani. Nikaosha filta, nikahakikisha rimoti haijawekwa kwenye feni, nikatoka kusikiliza mashine ya nje. Feni inazunguka. Kompresa inaguna "nguuu" sekunde chache, halafu "tak!", kimya. Baada ya dakika kadhaa inarudia. Nilimweleza fundi hivyo hivyo kwenye simu, mpaka mlio nikamwigizia.

Kafika, mfuniko hakufungua. Kafunga mpira wa mtungi, "Bosi, gesi imeisha." 80,000. Usiku ule ikapooza, nikamshukuru. Kesho yake saa tisa alasiri imerudi kule kule. Akaja tena: "Imevuja kidogo, tuongezee." 50,000. Imevuja wapi? Hakupaka povu la sabuni kwenye nati hata moja!

Jamani, gesi ya AC si petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa, haiunguzwi. Ikipungua kuna mahali inatokea, na pasipozibwa unajaza maji kwenye pakacha. Yangu ni gesi aina ya R410A, na kibandiko cha mashine ya nje kinaeleza inaingia kiasi gani. Inawekwa kwa mizani. Yeye mizani hana, anakadiria kwa kushika bomba!

Fundi wa pili alisikiliza dakika moja, akasema kompresa imekufa, 450,000. Mama akaniambia, "Acha mwanangu, nitavumilia." Hilo limeniuma kuliko pesa.

Wa tatu ni kijana, kaletwa na jirani. Kazima swichi kubwa, kafungua ubavu wa mashine, na kabla ya kugusa chochote akaondoa umeme uliobaki ndani ya kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme na kuipa kompresa msukumo wa kuanza. Akanionya kwamba hata umeme ukizimwa kapasita inaweza kukupiga, nisijaribu mwenyewe. Kisha akaitoa nikaishika. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Hiki kimevimba kama andazi. Ubavuni imeandikwa maikrofaradi 35, yaani kipimo cha uwezo wake wa kutunza umeme. Mita ikasoma 11.

Ndiyo maana kompresa ilikuwa inaguna: haipati msukumo wa kuanza kuzunguka, inapata moto, kinga yake inakata. Usiku ule wa kwanza ilibahatisha tu kwa kuwa kulipoa kidogo. Kapasita mpya 18,000, ikawaka hapo hapo.

Lakini hakuondoka. Aliivuta gesi yote kwenye mtungi mtupu, akaupima: imezidi ile ya kwenye kibandiko kwa gramu 300. Yaani gesi niliyouziwa ndiyo ilikuwa inaibebesha kompresa mzigo! Akairudisha kwa kipimo. Kazi yote, pamoja na kapasita, 70,000. Mama amelala mpaka asubuhi.

Yule wa kwanza nimempigia. Ananijibu, "Bosi, si ilipooza siku ile?" Akakata simu. Sasa hapokei kabisa.

Nataka 130,000 yangu. Kapasita mbovu ninayo, picha ya mizani ninayo, na miamala yote miwili ya simu ipo. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na fundi wa namna hii? Mlianzia kwa mjumbe, serikali ya mtaa au mlikwenda moja kwa moja polisi? Nielekezeni, kesho asubuhi natoka.