MySQL: ripoti ya mauzo inachukua karibu dakika nzima

duka_jumla: Wakuu, seva ina MySQL 8 (programu ya hifadhidata), RAM GB 16, haina kazi nyingine. Jedwali lina rekodi milioni 4. Hii inachukua sekunde 50:

`SELECT SUM(kiasi) FROM mauzo WHERE tawi_id=3 AND YEAR(tarehe)=2024 AND MONTH(tarehe)=5;`

Niongeze RAM?

fundi_data: RAM iache kwanza, mkuu. Tanguliza `EXPLAIN` mbele ya amri yako, itaonyesha MySQL inavyotafuta; ukiona type ni ALL, inasoma jedwali zima. Safuwima ikishafungwa ndani ya YEAR() au MONTH(), indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) ya kawaida ya tarehe haisaidii kutafuta. Badala yake andika `tarehe >= '2024-05-01' AND tarehe < '2024-06-01'`, kisha:

`CREATE INDEX ix_tawi ON mauzo (tawi_id, tarehe, kiasi);`

Mpangilio huo usiugeuze: safuwima yenye alama ya sawasawa (tawi_id) hutangulia, yenye masafa ya kuanzia hadi (tarehe) hufuata. Kiasi kikiwemo, jumla inapatikana kwenye indeksi yenyewe bila kugusa jedwali.

mlinzi_seva: Nakubaliana naye. Ongeza hili: `innodb_buffer_pool_size`, yaani sehemu ya RAM ambayo MySQL hutunzia data na indeksi, ya kuanzia ni MB 128 tu, ndogo mno, weka GB 10. Indeksi itengeneze usiku, diski itahemewa. Na usiweke indeksi kila safuwima, maana kila mauzo mapya yatalazimika kuziandika zote.