Tupeane uzoefu: liva ya gia imelegea hadi hujui umeingiza namba ngapi

Mkorosho Mkavu
Wakuu salaam. Leo asubuhi hapa Mtwara nimeegesha mbele ya mama muuza chapati. Nikataka kurudi nyuma, nikaingiza rivasi kwa uhakika kabisa, nikaachia klachi. Gari ikaruka mbele mara moja, ikazima. Kumbe nimeingiza nne. Meza ya chapati imepona kwa upana wa kiganja. Yule mama hakunitukana, alinitazama tu. Bora angenitukana.

Ni pikapu ya miaka ya tisini, ya gia za mkono, niliinunua kwa mtu huko Lindi. Liva inacheza kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Nikitoka tano kwenda nne naangukia mbili, injini inalia kama mbuzi wa Idi. Nani yamemkuta, na aliikazaje?

Fundi Chikongola
Hiyo haikazwi kwa spana, mkuu. Haina nati ya kukaza. Kule chini liva inaishia kwenye kigololi, na kigololi kimevaa kibushi cha nailoni chenye umbo la kikombe. Kikilika, kigololi kinacheza kwenye chuma kitupu, na mchezo wa milimita mbili chini ukifika mkononi kwako ni kiganja kizima.

Kama ni Toyota ya kuendeshwa na matairi ya nyuma, nyingi zao kazi yake ni ndogo. Weka frii. Fungua kichwa cha liva, toa raba ya juu na ile ya chini. Utaona kofia ya chuma. Ibonyeze chini kwa nguvu huku unaizungusha kushoto, liva inachomoka nzima. Ziba tundu kwa kitambaa safi hapohapo, kitu kikidondoka mle ndani umejiletea msiba. Badilisha kibushi cha chini na kile cha juu kwa pamoja, grisi kidogo, rudisha. Nusu saa, na soda umekunywa.

Mla Ming'oko
Sio bushi hiyo. Ni mauntingi, ile raba inayoshikilia giaboksi. Yangu ilikuwa hivyohivyo nikabadilisha mauntingi ya giaboksi ikatulia.

Fundi Chikongola
Yako ilikuwa inacheza gari ikiwa imezimwa?

Mla Ming'oko
Ilikuwa inaruka nikikanyaga mafuta na nikiachia.

Fundi Chikongola
Basi yako ilikuwa mauntingi. Yake ni bushi. Liva ikicheza injini imezimwa, mauntingi inahusikaje?

Mla Ming'oko
Nyie mafundi mna tatizo la kutaka kila mtu awe mwanafunzi wenu.

Lindi Mjini
Mnampeleka mbali mtu wa watu. Mimi 2016 nilichukua kandambili ya bluu, nikakata duara la ukubwa wa kizibo cha soda, nikatoboa katikati, nikavisha kwenye kigololi. Gharama sifuri. Ilikaa miaka miwili, na nilipoiuza gari gia zilikuwa zinaingia kama mpya.

Fundi Chikongola
Kandambili ni sponji. Inaminyika, mafuta ya giaboksi yanaivimbisha, halafu inamegeka vipande vinadondoka ndani. Aliyeinunua hiyo gari Mungu amsaidie.

Lindi Mjini
Hajawahi kunipigia simu kulalamika.

Shangani Kwetu
Kuna fundi alikuwa anazungushia kigololi mfuko wa rambo tabaka kama kumi hivi. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 sijui anaweka nini.

Mama Kirikuu
Mimi nina kirikuu, kipikapu kidogo cha kubebea samaki kutoka Mikindani. Hiki liva haiingii moja kwa moja kwenye giaboksi, kuna kebo mbili zinakwenda huko chini. Siku moja alfajiri nina ndoo sita za vibua, barafu inayeyuka, liva ikawa inakwenda popote ninapotaka na gia haibadiliki. Nilikwama kwenye namba mbili. Nimeendesha hadi sokoni kwa mbili, bodaboda wananipita wanageuka kunitazama.

Fundi akalala chini, akacheka, akanitolea kitu kama pete ya plastiki iliyokatika, kwenye ncha ya kebo pale inaposhika mkono wa giaboksi. Na kipini cha kuzuia hakikuwepo. Akaniambia maji ya chumvi ya samaki wangu ndiyo yalikula kipini. Nikalipa elfu nane. Sasa kila nikiosha gari naosha na kule chini kwa maji baridi ya bomba, halafu natia grisi mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujachomoa liva, jua kwanza gari yako ni ya kebo au ya liva moja kwa moja.

Shangani Kwetu
Dada umesema la maana kuliko wote.

Mwana wa Mtama
Paka mafuta ya ganda la korosho. Yananata balaa.

Mama Kirikuu
We kaka umewahi kubangua korosho? Yale yanachubua ngozi, wabanguaji wanajipaka majivu mikononi ndiyo wanashika. Unataka nipake kwenye gari ninayoigusa kila siku?

Mwana wa Mtama
Lakini viwandani wanayatumia kutengenezea lainingi za breki. Kama yanafaa kwenye breki, yanafaa kwenye gia.

Fundi Chikongola
Breki kazi yake kushika. Liva kazi yake kuteleza.

Dereva Mstaafu
Vijana mnalia na kibushi. Sisi tumeendesha malori ya Bedford kutoka Lindi kwenda Dar kabla ya Daraja la Mkapa pale Mto Rufiji kufunguliwa 2003. Unasubiri pantoni Ndundu mpaka unafahamiana na mbu. Gia tulizitafuta kwa sikio. Unakanyaga klachi, unaweka frii, unaachia, unaipa moto kidogo, unakanyaga tena ndipo unashusha namba. Liva ilikuwa inacheza hivyohivyo na mzigo ulifika.

Shangani Kwetu
Shikamoo mzee wangu. Ila mliikazaje?

Dereva Mstaafu
Marahaba. Hatukuikaza. Tuliizoea.

Mwana Newala
Mmenikumbusha jambo ambalo mke wangu alinikataza kulisimulia, ila yeye humu hayumo.

2017, mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho. Nilikuwa na pikapu ya kiti kimoja kirefu mbele. Namtoa mama mkwe Newala, namshusha Masasi kwa kaka yake. Mke kakaa dirishani kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na bila upepo anatapika. Mama mkwe kakaa katikati. Kanga mbili, mkoba mapajani, magoti kayabana upande mmoja. Liva iko mbele yake.

Sasa liva ikiwa nzima, namba mbili ni mkono mfupi tu. Ya kwangu ilishalegea, mbili haiingii mpaka uivute liva ilale kabisa kwenye kiti. Na kwenye kiti yumo mkwe. Mimi nimelelewa, jamani. Mkwe hata salamu nampa nimeinamisha kichwa. Ndiyo niupeleke mkono pale kila kona?

Nikaamua kuendesha kwa gia za kusukuma mbele tu. Moja, tatu, tano. Gia za witiri kama sala ya usiku. Gari inalalamika, inatetemeka kutoka moja kwenda tatu, mama mkwe kimya, anatazama mbele.

Wanaoijua ile barabara wanajua kinachofuata. Newala iko juu, ukielekea Masasi unafika mahali uwanda unakatika na barabara inaanguka. Enzi hizo kokoto na vumbi. Pale unashuka kwa mbili, huna mjadala. Mimi nikashuka kwa tatu, mguu kwenye breki. Kona ya kwanza sawa. Ya pili nikaanza kusikia harufu ya lainingi. Ya tatu breki ikawa inazama kidogo. Nikasema hapa sasa ni heshima au roho. Nikakanyaga klachi, nikatoa tatu, nikasema "mama samahani", nikavuta mbili kwa nguvu zote.

Liva ikatoka. Yote. Na kofia yake na springi. Nimeishika hewani kama mchi, gari iko frii, mlima unatuvuta.

Sikujua niiweke wapi. Wallahi nilichofikiria wakati ule ni kwamba ina grisi, nikiiweka mapajani kwa mkwe nitachafua kanga. Mama mkwe akanyoosha mkono akaichukua. Akasema, "Lete nishike mimi, wewe shika usukani."

Nikavuta hendibreki taratibu, nikapampu breki, nikaipeleka kwenye tuta la mchanga upande wa mlima. Ikapanda, ikalala, ikazima. Mke alikuwa amesinzia. Alipoamka alimkuta mama yake amesimamisha liva kama bakora ya shehe.

Tukakaa kimya kama dakika nzima hivi. Kisha mama mkwe akaniambia, akiwa bado anatazama mbele, "Na hiyo mbili yako ikitaka goti, sema. Goti langu si yai."

Shangani Kwetu
GOTI LANGU SI YAI 😂😂😂

Mama Kirikuu
Huyo mama apewe leseni ya daraja la juu leo hii.

Mla Ming'oko
Swali. Kwa nini mkwe akae katikati? Kwetu mkwe anakaa dirishani, tena peke yake.

Mwana Newala
Nimeandika mke alikuwa anatapika.

Mla Ming'oko
Mke angekaa nyuma kwenye bodi, kuna upepo wa kutosha.

Mama Kirikuu
Mjamzito wa miezi mitano umpandishe bodi kwenye kokoto za Newala? Wewe umeoa kweli?

Mla Ming'oko
Habari za kuoa zimeingiaje kwenye gia?

Dereva Mstaafu
Angekodi gari. Mkwe habebwi na gari bovu. Hilo ni kosa la kwanza, mengine yote yamezaliwa hapo.

Mwana wa Mtama
Mzee leo umezungumza.

Fundi Chikongola
Naomba turudi kwenye mada. Mwana Newala, kabla ya safari hiyo kuna mtu aliifungua liva?

Mwana Newala
Siku mbili kabla. Fundi aliongeza grisi.

Fundi Chikongola
Basi ndiyo hiyo. Ile kofia ina mifereji, na chini kuna vijino. Ukiibonyeza bila kuizungusha mpaka kijino kikae kwenye shimo lake, springi inaishikilia kwa siku kadhaa halafu siku ukivuta kwa nguvu inaruka. Ukirudisha liva, ivute juu kwa mikono miwili. Ikitoka, shukuru imetokea gereji.

Mwana Newala
Ndivyo nilivyokuta. Nilirudishia mwenyewe pale mlimani, mama mkwe akinimulikia na tochi ya simu mchana kweupe kwa sababu mle ndani giza. Tukashuka na mbili mpaka chini. Goti alilisogeza mwenyewe kila nilipogusa klachi.

Ngalawa ya Kitunda
Naongeza kidogo maana watu wanabadilisha bushi bure. Zima gari, ingiza gia zote. Zikiingia laini gari ikiwa imezimwa, na ikiwaka zinagoma au zinakwangua, tatizo lako ni klachi. Haiachii vizuri, labda ina hewa kwenye mfumo wa mafuta yake au kebo imelegea. Mimi nilibadilisha bushi mara mbili, kumbe silinda ya chini ya klachi inavuja. Na kama gia inaingia vizuri halafu inachomoka yenyewe ukipanda mlima, hiyo iko ndani ya giaboksi, uwe na akiba.

Mwana wa Mtama
Gia ikichomoka mlimani unaishikilia kwa mkono, basi.

Ngalawa ya Kitunda
Ndiyo unamaliza uma wa ndani unaosukuma gia. Mkono haukai kwenye liva ndugu yangu, hata kama inapendeza.

Mkorosho Mkavu
Wakuu nimewasoma wote. Spea nimezunguka, maduka mawili hawana, la tatu wana cha Mchina ambacho nikikibonyeza kwa kidole kinakunjika. Je nichonge?

Fundi Chikongola
Chonga. Mpelekee fundi wa kukereza kile cha zamani hata kama kimeisha, na liva yenyewe apime kigololi. Mwambie nailoni ngumu. Mimi huwa nalipa kati ya 15,000 na 20,000. Kiingie kwa kubana kidogo, kikikaa huru siku ya kwanza umetupa hela. Na raba ya juu kama imechanika badilisha. Mchanga wetu huu mwekundu ukichanganyika na grisi unakuwa msasa, unasaga mchana na usiku.

Ngalawa ya Kitunda
Ukiwa hapohapo badilisha na mafuta ya giaboksi. Angalia kitabu cha gari, za zamani nyingi zinataka mafuta ya daraja la GL-4. Usibebe GL-5 kwa sababu tu namba ni kubwa, zipo ambazo dawa yake inakula shaba ya sinkroni, zile pete zinazofanya gia iingie laini.

Lindi Mjini
Yote hayo kwa kitu ambacho kandambili inamaliza.

Mkorosho Mkavu
Nimefungua jioni hii. Kofia imetoka kama fundi alivyosema, kubonyeza na kushoto. Kibushi hakipo. Hakipo kabisa. Kuna kipande cha mpira kimezungushwa kwenye kigololi, kimevimba, nusu yake imemegeka sijui iko wapi. Nimekifuta mafuta. Ni bluu.

Shangani Kwetu
😂😂😂😂 Ya mguu wa kushoto au wa kulia?

Mkorosho Mkavu
Lindi Mjini, ile pikapu yako uliuza mwaka gani? Nyeupe, ina kovu kwenye mlango wa kushoto?

Mama Kirikuu
Nimevuta kigoda.

Mkorosho Mkavu
Lindi Mjini?

Lindi Mjini
Mkuu niko njiani huku Nangurukuru mtandao unakatakata