Fundi anataka kung'oa rejeta zote saba kwa sababu ya pampu ya joto. Je, ni lazima?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Tunaondoa boila ya gesi na kuweka pampu inayovuta joto kutoka hewa ya nje. Fundi amesema rejeta zote saba za nyumba, yaani zile paneli za chuma za ukutani zinazopitisha maji ya moto ili kupasha vyumba joto, zing'olewe na kuwekwa kubwa zaidi, lakini hakupima chumba hata kimoja; alisimama mlangoni, akatazama, akaandika. Rejeta ya sebuleni ina kibandiko cha wati 2,000, na kwa hesabu yangu sebule hiyo hupoteza joto la wati 1,100 kwenye baridi kali. Kwa nini basi isitoshe?

Jibu la 1: Kibandiko hakikudanganyi, ila kinazungumzia maji ya boila. Wati hizo 2,000 hupimwa maji yakiingia yakiwa na nyuzi 75 na kutoka yakiwa na nyuzi 65, katika chumba chenye nyuzi 20, kwa hiyo wastani wa joto la maji huzidi joto la chumba kwa nyuzi 50. Pampu ikileta maji ya nyuzi 45 yanayorudi na 40, tofauti hiyo hushuka hadi 22.5, na joto linalotoka hushuka kwa kasi kuliko tofauti yenyewe: hubaki takriban asilimia 35. Rejeta yako itatoa kama wati 700. Ili upate 1,100 kwa maji hayo, tafuta yenye kibandiko cha wati 3,100 hivi.

Muulizaji: Nimeelewa. Na nikiagiza maji ya nyuzi 55, niiache ilipo?

Jibu la 1: Itatosha kwa shida, kwani maji ya 55 yakirudi na 50 utapata wati 1,140 hivi. Lakini kila uzi unaopandisha huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 2 hadi 3, na maji yale yale ndiyo yanayozunguka nyumba nzima, kwa hiyo rejeta moja dhaifu huzilazimisha nyingine sita kupokea maji ya moto zisiyoyahitaji. Ndiyo maana sikubaliani na fundi wako, wala sikubaliani na wanaosema usibadilishe chochote. Pigia kila chumba hesabu yake, kisha ubadilishe zile tu zinazokulazimisha kupandisha joto la maji.

Jibu la 2: Naongeza mambo mawili. Si lazima rejeta mpya iwe ndefu zaidi. Yenye paneli mbili na mabati mawili ya mikunjo katikati hutoa karibu mara moja na robo tatu ya ile ya paneli moja na bati moja yenye urefu na kimo kile kile, na ya paneli tatu huizidi hiyo pia, ingawa huwa nene na nzito, na ukuta mwepesi huenda usiibebe. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni mabomba. Maji yakipoa nyuzi 5 tu kati ya kwenda na kurudi, kila kilowati moja huhitaji karibu lita 3 kwa dakika, mara mbili ya kiasi kinachohitajika yakipoa nyuzi 10. Kama rejeta zako zinalishwa na vibomba vya milimita 8, hata rejeta kubwa kiasi gani haitakusaidia.

Kabla boila haijaondoka, ishushe hadi nyuzi 50 siku za baridi, fungua vali zote, na uiache iwake usiku na mchana kwa siku mbili, kisha uone ni vyumba vipi vinavyoshindwa.

Muulizaji: Nimefanya hivyo wiki hii, na nje maji yaliganda kila alfajiri. Vyumba vya kulala vilibaki na nyuzi 19 bila tabu, sebule ikaishia 17, na bafu, ambalo lina kile kirejeta chembamba cha kuanikia taulo, likaishia 16. Mabomba ni ya milimita 15. Nimemwomba fundi arudi na futi yake, aanze na vyumba hivyo viwili.