Dar hadi New York kupitia Nairobi: mama atakaa angani saa ngapi hasa?

Wakuu habari zenu. Mama yangu ana miaka 68, mwezi wa kwanza anakwenda New York kwa dada aliyejifungua. Hajawahi kupanda ndege. Tiketi inasema anatoka Nairobi Jumanne 23:30, anafika JFK (uwanja wa ndege wa New York) Jumatano 06:30. Ina maana ni saa 7 tu? Mbona mbali vile! Ana presha, anameza kidonge kila siku saa mbili usiku, na miguu humvimba akikaa sana. Naombeni ushauri.

Ngalawa: Hapana mkuu, ni saa 15. Muda wa tiketi ni wa saa za kila mji. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo 06:30 ya kule, kwetu ni saa nane na nusu mchana. Nairobi hadi JFK ni takriban kilomita 11,800, ndege inapita juu ya Sahara kisha Atlantiki. Kurudi huwa pungufu kwa kama saa moja, kwa sababu upepo mkali wa juu unavuma kutoka magharibi na unaisukuma ndege.

Bibi Mkarafuu: Pole na hongera ya mjukuu. Mwaka jana nilimsafirisha mama mkwe njia hiyohiyo. Omba mapema huduma ya kiti cha magurudumu, hailipiwi. Hata kama anatembea vizuri, omba tu, maana mhudumu atamsindikiza Nairobi na pale JFK mpaka uhamiaji na kwenye mabegi. Kwa mtu asiyejua Kiingereza hilo ndilo kubwa kuliko yote. Anwani na simu ya dada mwandikie kwenye karatasi akae nayo, kwani fomu na maswali havimsubiri mtu achaji simu.

Ngalawa: Kidonge: Jumanne saa mbili usiku atakuwa Nairobi anasubiri, ameze palepale. Saa 24 baadaye New York itakuwa saa sita mchana, ameshafika nyumbani. Kuanzia hapo daktari wake aseme namna ya kukisogeza kirudi usiku. Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake.

Mvuvi wa Pwani: Miguu usiipuuze. Kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Ainuke atembee kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, anywe maji, na mumuulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Muuliza swali: Asanteni sana, nilidhani 06:30 ni saa za kwetu, nilikuwa nimeshamwambia dada aje Jumanne usiku! Nimempigia, atakuja Jumatano alfajiri. Mama anataka kiti cha dirishani aone mawingu.

Bibi Mkarafuu: Dirishani akae Dar–Nairobi. Hiyo ya saa 15 mpe kiti cha kando ya njia, asione haya kuwaamsha watu akitaka kuinuka.