Darasa la leseni ya kubeba bastola Texas: mliopitia, tupeane uzoefu

MzeeWaKaty: Wakuu, jana nimepita nje ya renji (uwanja wa kulenga shabaha) moja hapa Houston, mlio wa kwanza tu mwili ukasisimka. Nikakumbuka 2014, enzi hizo leseni bado inaitwa CHL (ya kubeba bastola iliyofichwa), kabla haijawa LTC (ya kubeba bastola) mwaka 2016. Mtihani ni risasi 50: 20 ukiwa yadi 3 toka shabaha, 20 yadi 7, 10 yadi 15. Za mwisho sijui zilienda wapi. Nikapata 171 kati ya 250, na ya kupita ni 175. Wife alijiandikisha ili asibaki nyumbani peke yake, akapata 238. Hadi leo nikibishana naye ananiuliza, "Ngapi vile?"

Kamba_Dallas: Hahaha pointi nne! Pole mzee.

Kiti_Kirefu: Nyie wa 2014 mlideka. Sisi wa 2010 tulikaa saa kumi nzima kwenye viti vya plastiki.

Binti_Tanga: Yangu sitaisahau. Agosti, joto la Texas mnalijua, nimevaa blauzi ya shingo pana. Tuko yadi 3, pale hata bibi yangu asingekosa. Risasi ya sita au ya saba, ganda la risasi la jirani wa kushoto likaruka, likaniingia kifuani, likateleza hadi kwenye sidiria. Ganda likitoka hapo ni kaa la jiko. Nikapiga ukelele, mkono wa kushoto ukazama kifuani, mwili ukageuka. Wa kulia bado una bastola, kidole kwenye kifyatulio. Kutahamaki natazamana na mkufunzi, na mtutu unamtazama tumboni. Hakufoka. Alinishika kiwiko, akaurudisha mkono uelekee mbele, taratibu kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala, akaniambia, "Toa kidole." Nilipoiweka chini ndipo magoti yakaanza kucheza. Alinikalisha nusu saa, akanirudisha peke yangu mstarini. Nilipita. Kovu ninalo, dogo kama punje ya mchele.

Fundi_Gari: Dada, shingo pana renji?!

Binti_Tanga: Kwa hiyo kosa la blauzi?

Kiti_Kirefu: Kosa la kidole. Usipofyatua, kidole kinakaa nje. Blauzi haijaua mtu.

Kamba_Dallas: Kosa la mkufunzi. Wetu alitwambia mapema: shati la kufunga shingo na kofia yenye ukingo.

Fundi_Gari: Kwani mnasumbukia darasa la nini? Tangu 1/9/2021 Texas mwenye miaka 21 asiye na doa kisheria anabeba bila leseni. Hizo pesa nunua nyama choma.

MzeeWaKaty: Ukivuka New Mexico utamwonyesha askari nyama choma? Kule leseni ya Texas wanaitambua. Na ada ya jimbo ni dola 40 tu. Halafu bila darasa ningejuaje vibao vya kukataza bastola? Ile 30.06 mlangoni, namba ya kifungu cha sheria kinachokuzuia kuingia na bastola iliyofichwa, nilidhani ni namba ya nyumba! Na 51% nyekundu ya baa, yaani hapa mapato mengi ni ya pombe, bastola marufuku, nilidhani ni punguzo la bei.

Mgeni_Arlington: Wakuu, nina viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa?

Kiti_Kirefu: Usiiguse. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza za muda, ukiondoa vipengele vichache kama leseni ya kuwinda. Mwenye grini kadi sawa. Muone wakili, achana na sisi.

Fundi_Gari: Kata leseni ya kuwinda nguruwe pori, mdogo wangu 😂

Kiti_Kirefu: Usimponze mtoto wa watu.

Kamba_Dallas: Ushauri: asubuhi ya renji usinywe kahawa, mikono itatetemeka.

MzeeWaKaty: Mimi sikunywa, na ilitetemeka. Kunywa.

MamaUvira: Mi natoka Uvira, Congo. Nilijiandikisha sababu nafanya kazi ya usiku, duka la kituo cha mafuta. Mtihani wa kuandika nilipita. Kule renji, masasi ya wenzangu ilipolia, nilijikuta niko chini, uso kwenye simenti, mikono juu ya kichwa. Hakuna aliyecheka. Nilichukua mkoba nikaenda nyumbani, sikurudi tena. Sasa nabeba ile pilipili ya kupuliza.

MzeeWaKaty: Pole sana mama.

Fundi_Gari: Binti_Tanga, lile ganda lilikuwa la milimita 9 au la .45?

Binti_Tanga: 9. Na usiniulize nililitoa wapi.