Ekzosi mpya: sailensa ya nyuma tu, kuanzia baada ya masega, au kubadili yote?

Kobe_Mwendo: Wakuu, sailensa ya nyuma imetoboka. Gari ni lita 2.0 ya petroli, silinda nne, haina turbo, ya kwenda kazini kila siku. Nikishatoa ya kiwandani natamani mngurumo kidogo. Niko njia panda: sailensa ya nyuma peke yake, mfumo mzima kuanzia baada ya masega (kile kisafisha moshi), au yote pamoja na heda, yaani mabomba yanayopokea moshi kwenye injini?

Spana_14: Nimepitia mbili za mwanzo kwenye gari moja. Ya kwanza ni bolti chache na mipira ya kuning'inizia, saa moja umemaliza; sauti inabadilika, nguvu ile ile. Ya pili nguvu zinaongezeka kiduchu, kuzihisi ni kazi. Kilichonishinda ni mvumo: nilichukua isiyo na resoneta (kile chemba cha katikati cha kupunguza mvumo), na kwenye barabara kuu, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, tulikuwa tunaongea kwa kupayuka. Usinunue kwa video ya gari inayopigwa resi imesimama. Tafuta aliyerekodi akiwa ndani, mwendo wa kawaida.

Dada_Piston: Huo mvumo una hesabu yake. Silinda nne hulipua mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 2,500 ni milipuko 5,000 kwa dakika, kama 83 kwa sekunde. Ndiyo sauti nzito inayochosha kichwa. Wapo wanaochomelea pembeni bomba lililozibwa mwisho ili kuizima, ila kwa sauti nzito hivyo linataka urefu wa zaidi ya mita moja. Chini ya gari ndogo utaliweka wapi? Chukua yenye resoneta.

Heda achana nayo. Nyingi huondoa masega, taa ya injini inawaka na kwenye ukaguzi unafeli.

BombaNene: Weka bomba la upana wa inchi 3 mkuu, gari ipumue 😂

Mzee_Gereji: Inchi 3 kwa lita 2.0 bila turbo? Moshi unapoa na kupoteza kasi, na gari inakuwa nzito kuondoka. Inchi 2.25 inatosha, 2.5 ndiyo mwisho. Na wanaosema bomba liwe jembamba kwa kuwa injini "inataka kubanwa" wanakosea. Inachotaka ni moshi utoke kwa kasi. Penye turbo ni habari nyingine, pale bomba pana lina faida.

Kobe, angalia zaidi chuma. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Kwa safari fupi ekzosi haipati moto wa kuyakausha, yanatuama kwenye sailensa na kuila kwa ndani. Nahisi yako imekufa hivyo. Chuma cha pua cha 304 kinadumu. Cha 409, nacho cha pua, kinashika kutu juujuu lakini kinavumilia. Kilichopakwa alumini ni cha bei nafuu, na kutu huanzia kwenye maungio yaliyochomelewa.

Kobe_Mwendo: Safari zangu ni fupi kweli. Basi 304, inchi 2.25, baada ya masega, yenye resoneta. Naweza kufunga mwenyewe?

Mzee_Gereji: Unaweza. Bolti zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Gari ikae kwenye stendi, usiingie chini ikiwa imeshikwa na jeki pekee. Mipira ipake maji ya sabuni itateleza. Gasketi weka mpya. Wengi wanakosea hapa: wanakaza ungio moja moja wakienda, mwisho bomba linagonga bodi. Ning'iniza mfumo wote ukiwa umelegea, linganisha nafasi, ndipo ukaze kuanzia upande wa injini kurudi nyuma.

Dada_Piston: Na futa alama za vidole kabla ya kuwasha, zikiungua kwenye chuma hazitoki. Kisha washa, na injini ikiwa bado baridi, ziba kidogo mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene usikilize: penye "tss tss" panavuja.

Spana_14: Moshi wa dakika za kwanza usikutishe, ni mafuta ya kiwandani. Ukitembea siku chache kaza tena.