Mtoto wa miezi 20 anayelazimisha mguu kuingia kwenye kigari cha kuchezea

MzaziMpya:
Habari zenu. Juzi mwanangu wa miezi 20 alifungua mlango wa kigari kinachoenea kiganjani mwangu, akavua kiatu, akaanza kuusukuma mguu wake ndani, na ulipogoma akalia kwa hasira. Isitoshe, kila mnyama wa miguu minne, awe mbuzi au ng'ombe, yeye humwita "paka". Je, akili yake inakua inavyopaswa?

MwalimuWaAwali:
Pole kwa wasiwasi, ingawa kisa cha kigari kimenifurahisha. Mwaka 2004, nchini Marekani, mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake walieleza jambo hilohilo kwa watoto wa miezi 18 hadi 30: baada ya kuchezea kiti na gari vinavyowatosha, waliletewa vya umbo lilelile lakini vidogo mno, na baadhi yao wakajaribu kwa dhati kukikalia kiti au kuingia garini. Mtazame vidole anapoufungua mlango. Huvibana kulingana na udogo wake, maana yake jicho limeshapima ukubwa. Ila wazo kwamba gari ni kitu cha kuingia limeshatangulia, naye hajaweza bado kulizuia.

Kuhusu "paka", analitumia neno hilo kwa wanyama wengi kwa sababu maneno aliyonayo ni machache. Mwekee picha ya paka na ya mbuzi, umuulize mbuzi yuko wapi. Mara nyingi mtoto wa umri huo huelewa mengi kuliko anayoweza kutamka. Akikosea usimkemee, mwambie tu, "Huyu ni mbuzi, ana pembe."

BibiWaWanne:
Mwalimu amesema kweli, lakini tusimtulize mzazi kupita kiasi. Mimi nisingehangaika na kigari. Ningeangalia kama mtoto hunyoosha kidole ili nawe ukitazame kinachomvutia, kama hugeuka akiitwa, na kama hajapoteza maneno aliyokuwa ameshayazoea. Ukiona kasoro katika mojawapo, mpeleke kwa daktari wa watoto bila kusubiri, na uombe apimwe masikio pia, kwani mtoto asiyesikia vizuri hudhaniwa upesi kuwa mzito wa kuelewa. Mjukuu wangu mmoja tulimdhania hivyo kwa miezi kadhaa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

MzaziMpya:
Ahsanteni sana. Kidole hunyoosha kutwa nzima, na akiitwa hugeuka hata kwa sauti ya chini. Leo nimemwekea zile picha mbili nikamuuliza mbuzi yuko wapi, akamgusa mbuzi bila kusita, akanitazama, kisha akasema, "Paka."